Mawaridi ya Nyumba ya Kasisi

Sufu ikilowa inanuka kondoo, hata kama imeshafumwa, ikatiwa rangi na kuwekwa vifungo vya dhahabu bandia. Nilikumbushwa hilo mwaka jana, katika ule mwezi ambao mvua ya Guangzhou, China, hainyeshi sawasawa wala haikomi, ndani ya moja ya yale majengo makubwa ya nguo za jumla pale Guangyuan Xilu. Nilikuwa nimekwenda kuchagua makoti ya baridi ya kupeleka Njombe na Makete. Mchukuzi mmoja alikuwa ameburuta robota zima kutoka barabarani bila kulifunika, na mwenye duka, mama mfupi ambaye sote tunamwita laoban, yaani bosi, alikuwa akimfokea huku akitandaza makoti juu ya meza yapate kukauka. Nilimuuliza kama anazo saizi za watoto. "Meiyou," akasema, hamna, bila hata kunitazama. Mimi nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Harufu ile ilinishika puani ikanirudisha kwenye ukumbi wa kijiji kimoja cha Uingereza, ambako makoti kama yale yalitundikwa mlangoni kwa safu yakichuruzika maji, majira ya baridi niliyokuwa na miaka kumi.

Baba yangu alikuwa mchungaji wa kanisa Kongwa. Dayosisi yetu ilikuwa na urafiki na dayosisi moja ya Uingereza, na kila baada ya miaka kadhaa mtu wa kwetu alipelekwa kule, au wa kule akaletwa kwetu. Zamu yetu ilipofika, Baba alipangiwa mwaka mmoja kwenye kijiji ambacho kasisi wake alikuwa amestaafu. Jina la kijiji sitalitaja. Kilikuwa bondeni, nyumba za mawe ya rangi ya asali zikifuata barabara moja iliyopinda, na katikati kanisa lenye mnara mfupi mnene. Kulikuwa na baa yenye picha ya mbweha mlangoni, shule ya madarasa mawili, kinu cha zamani kisichosaga tena, na msalaba wa jiwe wenye majina ya vijana waliokwenda vitani wasirudi. Jumapili asubuhi watu sita walipiga kengele za kanisa kwa kamba, kila mmoja na yake, na sauti ilifika hadi mashambani ambako kondoo walikuwa wengi kuliko watu. Sisi watatu, Baba, Mama na mimi, tulipewa nyumba ya kasisi, kando ya ukuta wa makaburi. Siku tuliyofika tulikuta mezani keki nne na chungu cha supu, na juu ya kiti makoti matatu ya mtumba, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe.

Nasema hivyo mapema ili nisiwaonee. Walikuwa watu wema. Walitusalimia barabarani, walituletea kuni, na mwenye baa alinifundisha kuendesha baiskeli kwenye uwanja wake wa nyuma. Aliyekiongoza kijiji, ingawa hakuwa na cheo, alikuwa mwalimu mstaafu aliyeitwa Bi Harriet, mama mrefu mwenye nywele nyeupe fupi na sauti isiyohitaji kupazwa. Mwaka ule alikuwa ameanzisha kazi mbili kwa pamoja: kitabu cha historia ya kijiji, na kitambaa kikubwa cha kutundikwa ukumbini, ambacho kila nyumba ingekuwa na kipande chake kilichotariziwa kwa mkono. Jumamosi watoto wote tulikusanyika ukumbini, makoti yakichuruzika mlangoni, naye akatusimulia. Tulijua tauni ilipita lini na iliacha nyumba zipi. Tulijua mashamba ya wote yalivyozungushiwa ua na bwana mmoja, na watu walivyogoma, na watatu wakafungwa. Tulijua ni mjane gani aliyekataa kuuza kisima chake. Kisha tulitumwa nyumba kwa nyumba na daftari, kila mtoto amtafute mzee wake, aandike anachokumbuka.

Mzee wangu alikuwa Alf, mchimba makaburi. Alikuwa na mikono kama mizizi na hakuzoea kuongea, lakini alinipeleka nyuma ya kanisa kunionyesha kaburi dogo lenye jiwe zuri kuliko mengi. "Huyu ni mbwa," akaniambia. Mbwa wa yule bwana wa mashamba, aliyemwokoa mtoto wa bwana kwenye mafuriko, akazikwa makaburini pamoja na watu japo kasisi wa wakati ule alipinga. Niliandika kurasa mbili. Bi Harriet alizisoma mbele ya wote, akaniwekea mkono begani akasema hii itaingia kitabuni kama ilivyo. Nilikwenda nyumbani nikikimbia kumwambia Mama.

Mama alikuwa fundi. Kongwa alikuwa na cherehani barazani na wateja hadi vijiji vya jirani, lakini kazi aliyoipenda hasa ilikuwa ya sindano ya mkono: mashuka ya harusi, vitambaa vya meza, na maua yake ambayo sikuwahi kuyaona kwa fundi mwingine. Aliuzungusha uzi kwenye sindano mara saba au nane, akaibana kwa kidole gumba, akaivuta polepole, na petali ikainuka juu ya kitambaa kana kwamba imeota pale. Bi Harriet alipoona kazi hiyo kwenye shuka la kitanda chetu alimwomba aje kwenye kikao cha akina mama cha Jumatano. Kiingereza cha Mama kilikuwa kidogo, na ujauzito ulikuwa umeshaanza kumlemea, lakini alikwenda kila Jumatano. Walimpa vipande vyao vilivyowashinda. Alirekebisha mnara wa kanisa uliopinda, akampa mbweha wa baa macho, akashona maji ya kinu upya. Nilikaa miguuni pake nikipanga nyuzi kwa rangi, na nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu tulipopanda ndege.

Ndugu yangu Samweli alizaliwa mwezi wa pili. Aliishi siku sita. Mapafu yake hayakuwa yamekomaa, ndivyo tulivyoelezwa, na mimi nilimwona mara moja tu kupitia kioo, akiwa na kofia ya sufu aliyofumiwa na mtu wa kijijini. Watu walikuja. Nyumba ilijaa vyakula vilivyofunikwa kwa taulo za jikoni, na Bi Harriet alifua nguo zetu kwa wiki nzima. Alf alivunja barafu ya ardhi kwa sururu tangu asubuhi. Tulimsikia kutoka dirishani, mlio mmoja mmoja, kama mtu anayegonga mlango ambao haufunguliwi. Baba alimzika mwanawe mwenyewe, akiwa na joho lake, na alipofika kwenye jina sauti ilikatika, akaanza tena. Alf alitengeneza msalaba mdogo wa mbao akauchoma jina kwa msumari wa moto. Ulikuwa chini ya ukuta wa kaskazini. Kutoka jikoni kwetu, mtu aliweza kuuona akipanda juu ya kiti.

Baada ya hapo Mama hakulia mbele za watu. Alishona. Mwezi wa nne ulipofika, na maua ya manjano yakaota kando ya barabara yote, alikuwa amekamilisha vipande vya wenzake, ndipo akaanza chetu. Alishona nyumba ya kasisi na mabomba yake mawili ya moshi. Mlangoni akatushona sisi: Baba na kola yake nyeupe, mimi na baiskeli ya kuazima, na yeye mwenyewe katika kitenge, kifuani amebeba kifurushi cheupe kisichozidi ukucha. Chini ya kifurushi, kwa herufi ambazo ilibidi uinamishe uso kuzisoma, aliandika Samweli. Ilimchukua wiki tano. Siku alipokipeleka kwa Bi Harriet nilikuwa naye. Bi Harriet alikitazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akasema ni kizuri mno. Nilimshika Mama mkono njia nzima ya kurudi, na mkono wake ulikuwa wa moto.

Kitambaa kilizinduliwa mwezi wa saba, siku ya sherehe ya kijiji. Askofu wao alikuja, na bendi ya matarumbeta, na meza za keki nje kwenye nyasi. Ukumbini pazia lilivutwa na watu wote wakashangilia, kwa kuwa ukuta mzima ulikuwa kijiji chenyewe, nyumba kwa nyumba, kutoka kinu hadi msalaba wa jiwe. Mimi nilipenya katikati ya miguu ya watu kutafuta chetu. Nilikiona: mabomba mawili ya moshi, madirisha, mlango. Mlangoni hapakuwa na mtu. Pale tulipokuwa tumesimama sasa palikuwa na kichaka kikubwa cha mawaridi ya njano kilichopanda hadi dirishani. Nilisogea hadi pua ikagusa kitambaa. Kati ya petali yalionekana matundu madogo ya sindano, pale nyuzi za kwanza zilipofumuliwa.

Kwenye meza ya chini kulikuwa na vitabu vipya. Nilikifungua kimoja. Hadithi yangu ya mbwa ilikuwepo, kurasa mbili, na jina langu. Mwishoni kulikuwa na orodha ya waliozikwa kanisani tangu zamani hadi mwaka ule, mstari kwa mstari, na chini kabisa, kwa herufi za mlazo, mbwa pia alikuwemo. Nilipitisha kidole mara mbili. Samweli hakuwemo.

Bi Harriet alikuwa amesimama na askofu na wazazi wangu, anamweleza askofu kwamba bila dada huyu kutoka Afrika kazi isingeisha. Mama alikuwa ameshika shada la maua alilozawadiwa. Nikamvuta Bi Harriet mkono wa gauni.

"Kwa nini mmetutoa?"

Aliinama, uso wake ukawa karibu na wangu. "Hakuna aliyewatoa, mpenzi. Kitambaa hiki ni cha watu wa kijiji. Ninyi ni wageni wetu wapendwa, lakini mwezi wa tisa mnarudi kwenu."

"Samweli harudi," nikasema.

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Waliokuwa karibu waligeuka, kisha na waliokuwa mbali, hadi nikasikia bendi ya nje peke yake. Shingo ya Bi Harriet ilibadilika rangi. Alinyooka, na kwa mara ya kwanza nikaona hajui pa kuweka mikono.

"Mama yako mwenyewe ndiye aliyeshona mawaridi," akasema. "Muulize."

Sikuhitaji kumuuliza. Nilitazama tena ukutani na nikaona nilichokuwa nimekataa kukiona, petali zilizoinuka juu ya kitambaa, uzi uliozungushwa mara saba au nane na kubanwa kwa kidole gumba. Hakuna mwingine katika bonde lile aliyeweza kushona vile. Mama alikuwa anatazama maua mikononi mwake.

"Damari," Baba akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini ambayo niliiogopa kuliko ya ukali, "mwombe Bi Harriet radhi."

Nilimwomba radhi. Nilisema kwa Kiingereza safi, kwa maneno aliyonifundisha yeye mwenyewe Jumamosi zile, na watu wakapumua, mtu akacheka kidogo, keki zikaanza kukatwa. Alf alikuwa mlangoni na kofia yake mkononi. Alinitazama, akaivaa, akatoka. Hakula keki. Ndilo jambo pekee la siku ile ninalolikumbuka bila uchungu.

Tulirudi Kongwa mwezi wa tisa. Mama aliendelea na cherehani: sare za shule, suruali, mashuka yasiyo na kitu. Maua hakushona tena, na wateja wa harusi walipomwomba aliwaambia macho yameisha nguvu, akiwa na miaka thelathini na tano. Sikumuuliza, na yeye hakusema, hadi Baba alipofariki, mimi nikiwa mtu mzima ninayejiandaa kwenda China. Tulikuwa tunapanga vitabu vyake vya mahubiri kwenye maboksi. Mama akaanza tu, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo. Akasema Bi Harriet alikuja nyumbani na kile kipande ndani ya kikapu, mimi nikiwa shuleni. Alisema kamati imeona kifo kitawahuzunisha watu siku ya furaha, tena sisi tunapita tu. Je, angeweza kukirekebisha mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuigusa kazi yake?

"Na Baba?"

"Kijiji kile kilikuwa kinachanga mabati ya zahanati yetu. Baba yako akasema tukigomba juu ya kitambaa, akina mama wa huku watazidi kujifungulia njiani." Alifunga boksi, akalifungua tena. "Hakunilazimisha, Damari. Angenilazimisha ningekataa. Aliniomba."

Zahanati ipo hadi leo. Mabati yake yameshika kutu lakini hayavuji, na watoto wa shangazi zangu wote wamezaliwa pale. Nimejaribu mara nyingi kuweka zahanati upande mmoja na kifurushi kile cheupe upande wa pili, nione kipi kinazidi, na kila mara naishia kumchukia mtu aliyetufanya tupime.

Jioni ya siku ile ya makoti, baada ya kumaliza na laoban, nilirudi chumbani kwangu mtaa wa Xiaobei nikakitafuta kijiji kwenye simu. Kina ukurasa wake mtandaoni. Kuna ratiba ya wapiga kengele, picha za sherehe ya mwezi wa saba, taarifa kwamba shule imefungwa na baa inauzwa. Kuna historia, tauni na mashamba yaliyozungushiwa ua na mjane wa kisima, na chini yake kitambaa chote kimepigwa picha kipande kwa kipande na maelezo. Chini ya chetu wameandika kwamba nyumba ya kasisi ilisifika zamani kwa mawaridi yake ya njano. Enzi zetu hapakuwa na waridi hata moja. Palikuwa na changarawe na pipa la takataka. Kisha nikaona picha ya wazee wanne wenye majembe, wananyoosha migongo na kucheka: kwa kufuata kitambaa, imeandikwa, wamepanda mawaridi mlangoni pale ili kuirudishia nyumba sura yake halisi. Nilikuza picha hadi ukuta wa kaskazini ukaonekana nyuma yao. Msalaba wa mbao hauwezi kudumu miaka thelathini na zaidi kwenye mvua ile. Palikuwa na nyasi, zimekatwa vizuri.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa mimi ndiye niliyekosewa. Lakini sisi Watanzania wa hapa Guangzhou tuna kikundi cha akina mama, na mimi ni katibu wake. Mwaka huu tuliamua kutoa kijitabu cha kumbukumbu, nani alifika lini, nani alifungua duka gani mtaa wa Dengfeng, nani alimzaa nani, nani alifia huku, ili watoto wetu wajue kwamba tulikuwa na maisha na si mizigo peke yake. Tulikuwa tukikutana Jumapili mchana kwenye mgahawa mmoja wa Huanshi Zhonglu. Aliyetupikia kila Jumapili alikuwa Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira, mjane, ambaye anaijua hospitali ya hapa kuliko sisi sote kwa sababu ndiye anayekijua Kichina vizuri. Binti yetu mmoja wa Mbeya alipougua, Mama Furaha alilala kwenye kiti kando ya kitanda chake wiki tatu, na ndiye aliyemfumba macho. Mimi mwenyewe niliandika jina la Mama Furaha kwenye rasimu. Mwenyekiti akasema tukimwingiza yeye itabidi tuwaingize Wakongomani wote, na Wakenya nao watauliza. Wenzangu wakaitikia kwa vichwa. Nilichukua kalamu nikalikata jina, mstari mmoja, kwa unadhifu.

Wiki mbili zilizopita vijitabu vilitoka kiwandani. Mama Furaha alikipitia kimoja pale mgahawani, mikono yake ikiwa bado na unga, akigeuza kurasa kwa kiwiko ili asizichafue. Kisha akaja nilipokaa.

"Dada Damari, niliangalia kitabu yote. Jina yangu haiko."

"Ni cha Watanzania, Mama Furaha. Kamati iliona hivyo."

"Na wewe, uliona namna gani?"

"Mimi ni katibu tu," nikamwambia.

Alinitazama, si kwa hasira, kama anayesubiri niendelee. Nilivipanga vijitabu juu ya meza. "D'accord," akasema, sawa, akapangusa mikono kwenye aproni. "Siku ya sherehe ya kitabu, watu watakuja ngapi? Nijue muchele ya kununua."

Nilimwambia kama themanini. Akahesabu kwa vidole, akauliza kama tutataka na samaki. Nikiwa na miaka kumi nilisimama mbele ya kijiji kizima nikauliza kwa nini mmetutoa. Sasa nimepita arobaini, na mbele ya mwanamke mmoja mwenye unga mikononi sikuweza hata kunyamaza kwa aibu. Nilimjibu kwamba ndiyo, samaki tutataka, na awe mkubwa.